Shaba Iliyobaki Ukutani

Mashua ilijengwa katikati ya lopango, ua wa nyumba yao, pale Kamalondo, mbali na ziwa lolote, na watu hawakuchoka kuicheka.

“Nuhu! Mvua inaanza lini?” jirani Jeannot aliita kila alipopita.

“Siku utaacha kuomba chumvi kwangu,” Alphonse alimjibu bila kuinua kichwa.

Mke wake Adolphine alicheka pia, lakini moyoni alikuwa anaomba. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, Elisabethville ilijaa askari, na karakana alikokuwa Alphonse seremala ilikuwa imefunga milango. Mashua ile ndiyo ilikuwa shamba lao la mwisho. Kamiyo, lori la mizigo, ingeipeleka Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Alphonse angevua, yeye angeuza samaki wakavu sokoni.

Mbao zilikuwa nzuri. Shida ilikuwa chini, kwenye mkuku, ule mti mrefu unaoshika mbavu zote.

“Kilwa iko mawe,” Alphonse alisema. “Kila siku tutavuta mashua juu ya mawe. Mti peke yake utaisha sawa sabuni. Inafaa ukanda wa chuma chini yake.”

Lakini chuma cha kufaa hakikuonekana, kwani vita vilikuwa vimekausha maduka. Ilipatikana mikanda ya mapipa tu, myembamba na tayari ina kutu. Basi siku moja mhunzi Casimir alikuja kuitazama kazi, akaingia nyumbani kunywa maji, macho yake yakapanda ukutani.

“Kumbe shaba muko nayo!”

Ilikuwa misalaba mitano ya shaba, mizito, mikono yake minne sawasawa, imetundikwa pembeni ya picha ya Bikira Maria. Casimir alianza kuonyesha kwa vidole: angeiyeyusha, angeimimina kwenye mfereji wa mchanga, angeifua mpaka iwe vipande virefu. Vipande vingepandana kama magamba ya samaki, cha mbele kikifunika cha nyuma, ili jiwe lisipate pa kukamata. Na misumari iwe ya shaba pia, kwa sababu msumari wa chuma ukikaa na shaba ndani ya maji, unaliwa.

“Hapana,” Adolphine alisema. “Musalaba wa Yezu hauendi kulala chini ya mashua.”

Alphonse alimtazama kwa upole. “Mama Numbi, ile haiko ya Yezu. Iko mali ya bankambo, wazee wetu wa zamani. Babu yako alioa nayo bibi yako, kabla padri yeyote hajafika.”

“Musalaba ni musalaba, Baba Numbi.”

Jirani Wivine, aliyesimama mlangoni, naye akamwaga mafuta kwenye moto: “Na ile iko kwenye bendera mupya ya Katanga! Ukiifua, askari watasema unapiga nchi nyundo.”

Adolphine alishika neno hilo kwa mikono miwili. Kumuuliza Padri lilikuwa jambo rahisi; kila asubuhi alimwona kwenye misa. Hakumuuliza. Alijua atakachojibu.

Basi Alphonse alipigilia mikanda ya mapipa, akapaka lami, na mashua ikapanda kamiyo pamoja naye, ikapitia njia mbovu ya Kasomeno. Samaki wa kwanza walipofika, Adolphine aliwaleta wawili kanisani kushukuru.

Kisha dereva wa kamiyo akaleta maneno: “Mama, bwana anakusalimia. Anasema chuma cha mapipa kimekatika, mawe yanakula mti. Anasema weye unajua.”

Alijua. Alishusha msalaba mmoja, akaupima mkononi, akaurudisha. Nimalize kwanza novena, sala zangu za siku tisa, alijiambia. Akaimaliza, akaanza nyingine. Mbele ya watu ilionekana ni ibada.

Mwisho, samaki hawakuja. Alikuja Alphonse mwenyewe, amekonda, na kwapani kipande cha mkuku. Ule mti uliokuwa mnene kama goti ulikuwa umelika mpaka ukabaki kama mwiko wa ugali. Mashua ilikuwa imefunguka katikati ya ziwa. Wavuvi wenzake walimvuta yeye. Nyavu na mbao zilibaki huko.

Adolphine alingoja amkemee. Alphonse aliomba maji ya kuoga.

Ndipo Adolphine akamwendea Padri. Padri alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kidogo. “Mama, hata ingekuwa ya Yezu, yeye mwenyewe alipanda mashua ya wavuvi. Angeona vibaya msalaba wake kuchunga mashua?”

Ni jibu lile lile alilokuwa amelikimbia. Alitoka pale, akaishusha misalaba yote mitano, akaifunga kwenye kitenge, akaibeba kichwani mpaka kwa Casimir.

“Fua,” alisema. “Fanya ule ukanda.”

Casimir alifungua kitenge, akatazama shaba, akamtazama yeye. “Mama Numbi, mashua iko wapi?”

Alirudi na mzigo wake. Alphonse alikuwa uani, anapiga randa mlango wa Jeannot, ambaye siku hizo hakumwita Nuhu tena. Alphonse aliona kitenge, akaelewa, akaweka randa chini.

“Rudisha ku ukuta,” alisema taratibu. “Kule ilishazoea.”

Adolphine aliitundika tena, msumari kwa msumari. Lakini kutoka siku ile, kila Ijumaa alipopiga magoti mbele ya picha ya Bikira kusali, alifumba macho kabla hayajafika kwenye shaba.