Mtoto wa Kwenye Mizani

Siku stesheni ilipotimiza miaka mia, mtaa mzima uliamka na kumbukumbu. Hata wasiowahi kupanda treni walikumbuka jambo. Kinyozi alikumbuka mafuriko yaliyotokea kabla hajazaliwa, tena akataja na kimo cha maji, na hakuna aliyembishia, maana sherehe ni sherehe.

Fundi cherehani hakuwa na haja ya kubahatisha. Kumbukumbu yake ilijulikana. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitano, na kuanzia majirani hadi wajukuu zake, wote walimwita Kilo. Utotoni, alipokuwa akipanda treni na mama na dada yake, msukumano wa abiria ulimtenga nao. Treni ikaondoka, yeye akabaki. Sasa stesheni hiyo ilikuwa na utaratibu wake: chochote kilichoachwa jukwaani hupimwa uzito, hufungwa kadi, kisha humngoja mwenyewe. Mpima mizigo alikuwa mgeni kazini, mtu wa kufuata sheria neno kwa neno. Akamkalisha mtoto kwenye mizani, akaandika kilo zake, akamfunga kadi mkononi kwa uzi. Mama aliporudi na treni ya jioni, ilibidi atie sahihi ndipo akabidhiwe mwanawe.

Hadithi hiyo Kilo aliisimulia harusini, kliniki, na kwa kila mteja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha gauni. Dada yake mkubwa, hadi alipofariki mwaka juzi, alikuwa akikaa pembeni akiitikia kwa kichwa, na kuongeza neno moja tu: "Na kile chuma cha mizani kilikuwa cha baridi." Tangu dada aondoke, Kilo aliishikilia hadithi ile kwa nguvu zaidi. Katika mambo yote ya utoto wao, ni hilo tu lililobaki wazi kichwani. Mengine yote yalikuwa ukungu.

Kamati ya sherehe ilimpanga azungumze wa kwanza. Saa nne asubuhi alikuwa ameketi jukwaani, gauni limenyooka, jua laini likimpapasa mabega. Treni zilipita taratibu, na kila moja ilimwachia usingizi mtamu wa macho wazi. Akaona abiria wa zamani wakishuka pamoja na wa leo, wanaume wenye kofia zilizokwisha kusahaulika, na mama yake akiwa na kikapu, kijana kuliko yeye mwenyewe. Hakushangaa. Aliwasogezea miguu wapite.

Mzee mmoja akaja na mkongojo wake, akaketi kiti cha pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia leo itasimuliwa habari ya yule mtoto wa kwenye mizani. Mimi ndiye niliyempima."

Kilo akamshika mikono yote miwili. "Basi ndimi, mzee! Yule mtoto ndiye mimi!"

Mzee akamsogelea amkague uso. "Una miaka mingapi?"

"Sitini na mitano."

"Basi siyo wewe, yule sasa angekaribia sabini. Yule alikuwa ameshaanza shule, meno ya mbele yameng'oka. Kilo ishirini na mbili, sisahau. Mdogo wake, wa miaka minne hivi, ndiye aliyeondoka na treni, yeye na mama yao."

"Labda umechanganya, mzee wangu."

"Nachanganya wajukuu. Nachanganya dawa za asubuhi na za jioni. Yule simchanganyi. Hakulia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kunisumbua nipige simu stesheni ya mbele, wamwambie mdogo wake asilie. 'Atadhani nimepotea,' akasema. Sheria haikuruhusu simu kwa ajili ya mzigo. Lakini nilipiga."

Kilo alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kama si yeye, basi yeye ni nani? Akafumba macho atafute ubaridi wa kile chuma. Hakuupata. Alichopata ni kioo cha dirisha, mdomo wake mwenyewe uko wazi, na jukwaa likienda zake na dada yake juu yake, akipungua, akipungua. Halafu mkaguzi wa tiketi akainama: "Dada yako anasema usilie."

Yakafuata mengine. Kwa miezi mingi baada ya siku ile, kila treni ilipopiga honi, yeye alipiga mayowe hata majirani wakachungulia. Dada alikuwa akimpakata na kumnong'oneza: "Siyo mimi niliyebaki. Ulibaki wewe, wakakukalisha kwenye mizani, ukawachekesha watu wote." Akarudia na kurudia, mpaka mayowe yakakoma.

Katibu wa kamati akamwita. Kilo akasimama mbele ya kipaza sauti.

"Mimi siye mtoto wa kwenye mizani," alisema. Watu wakatazamana. "Alikuwa dada yangu. Mimi nilikuwa ndani ya treni, hofu imenijaa mpaka kooni. Kumbukumbu yangu ya siku ile ilikuwa ya kutisha, akaniondolea, akanipa yake. Miaka sitini nimeisimulia mbele yake kama yangu, na hakuidai hata siku moja."

Akalia mbele ya mtaa mzima, kwa sauti, kama mtoto. Katibu alipokimbilia kumnyamazisha, mzee alinyoosha mkongojo kumzuia.

"Mwacheni," alisema. "Mwacheni alie."