Hapa Hakutemwi Kitu

Jina lake halisi alilitumia mkewe peke yake. Watu wengine wote walimwita Pua, na walikuwa na haki. Pua alikuwa fundi wa kubadilisha vizibo vya mvinyo mkongwe, kazi ambayo ukimweleza mtu kwenye foleni ya benki anadhani unamtania. Mvinyo mwekundu mzuri wa Ufaransa unaweza kulala gizani miaka na miaka ukizidi kunoga, lakini kizibo chake ni gome la mti tu. Huchoka. Kikichoka, mvinyo hupungua kidogo kidogo, kutoka shingoni mwa chupa hadi begani, na hewa huingia kufanya uharibifu wake. Hapo ndipo Pua huitwa. Anafungua, anaonja funda moja kuhakikisha haujageuka siki, anatema kwenye ndoo, anajaziliza, anaziba upya.

Kutema ndiyo adabu ya kazi yenyewe. Mwonjaji anayemeza huwa amelewa kabla ya chakula cha mchana, na fundi mlevi humwagia watu mali. Pua alikuwa ametema mivinyo ambayo watu wazima wangegombania. Mkewe alizoea kumtania kwamba ameolewa na mwanamume anayetema riziki.

Mteja wake mara hii alikuwa bibi kizee aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanda cha uchapishaji kilichofungwa. Alimteremsha Pua kwa ngazi za mawe hadi chumba cha chini: kuta za matofali, sakafu ya changarawe iliyonyunyiziwa maji ili hewa isikauke, balbu moja. Palikuwa na baridi ya kuridhisha, na Pua akafurahi, maana wenye mali wengi huupika mvinyo wao kwa joto bila kujua. Rafu zilijaa chupa, lakini alipozikaribia aliona karibu zote ni tupu, zimefutwa vumbi na kulazwa kwa heshima kana kwamba bado zina kitu.

"Hizo nimeshamaliza," alisema Bibi. "Zako ni hizi mbili."

Pua akaziinua moja moja kwenye mwanga wa tochi. Zilikuwa za Bordo, kule Ufaransa, za shamba ambalo alikuwa amelisikia tu kwa walimu wake, na zenye umri mkubwa kuliko wake. Mvinyo ulikuwa umeshuka begani. Mashapo yalikuwa yametulia ubavuni, meusi na membamba.

"Ndoo ya kutemea iko wapi, Bibi?"

"Hapa hakutemwi kitu, mjukuu wangu. Ukionja, rudisha kwenye chupa."

"Kutoka mdomoni?"

"Mnywaji ni mimi mwenyewe, na sijalalamika. Hutaki, ngazi ni zile zile ulizoshukia."

Tuseme ukweli, alipaswa kupanda ngazi zile. Fundi harudishi mate kwenye chupa ya mteja, hata mteja awe na kichaa. Lakini mvinyo kama ule humpitia mtu mara moja maishani, na tamaa mbele, mauti nyuma. Pua akashika kizibuo cha meno mawili, akakichomoa kizibo polepole bila kukivunja, akamimina kidogo kwenye glasi. Rangi ilikuwa ya tofali la zamani, ikififia pembeni. Akanusa: mwerezi, tumbaku, ngozi, udongo uliolowa. Akaonja.

Chini ya tumbaku palikuwa na harufu ya pasi ya mkaa. Mama yake alikuwa amesimama mezani akinyoosha shati la shule, amelowesha ncha ya kidole kwa mate, anaigusa pasi, tss, kisha anacheka kwa sababu mwanawe ameruka. Mama alikuwa amefariki zamani, na Pua hakuwahi kumwona karibu namna ile tangu siku ya mazishi. Machozi yakamtoka akiwa na funda mdomoni.

"Rudisha," Bibi akanong'ona, ameshika faneli.

Akarudisha. Alipoinua chupa ili aizibe, mvinyo ulikuwa umepanda hadi shingoni. Funda moja haliwezi kufanya hivyo. Pua akailaumu balbu, akaziba, akaahidi kurudi kesho kwa chupa ya pili.

Nyumbani bintiye alimrukia mlangoni, naye akamnusa utosini kama kila jioni, maana Pua hakumjua mtu mpaka amemnusa. Kisha akaketi sebuleni, akaiona picha ukutani.

"Mama watoto, huyu mwanamke ni nani?"

Mkewe akacheka. Alikuwa mtu wa mzaha, Pua. Mke akangoja mzaha umalizike, na haukumalizika, na kicheko kikamkauka.

"Ni mama yako," alisema.

Pua aliitazama picha ile muda mrefu. Alijua kwamba alikuwa na mama, kama kila mtu anavyojua kuwa hakuzaliwa na jiwe. Lakini hakumpata. Hakukuwa na sauti, wala mkono, wala neno lolote. Hofu ikamshika. Akajua ni wapi alikomwacha.

Siku ya pili hakubisha hodi. Alimkuta Bibi chini, ameketi kwenye kigoda, chupa ya kwanza miguuni ikiwa imebaki kidogo sana, na uso wake umenawiri kwa furaha.

"Mama yako alikuwa na kicheko kizuri," alisema Bibi. "Na alikuwa anakudanganya, unajua? Ile tss wala haikuwa ya pasi, aliitoa kwa mdomo. Alitaka tu uruke."

Pua alisikiliza habari za mama yake kama anayesikiliza habari za jirani wa mtu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nirudishie."

"Nimekubakizia glasi moja. Inatosha, atarudi mzima. Lakini glasi kwa glasi." Akaionyesha chupa ya pili.

"Kwa nini usiijaze kwa watu wako mwenyewe?"

"Wangu?" Bibi akaziangalia rafu zake. "Wangu niliwanywa zamani, mwanangu. Wote."

Pua akafikiri haraka. Angeingiza mdomoni kumbukumbu isiyo na thamani, ambayo kesho asingeijutia. Foleni ya benki! Alifungua chupa ya pili akiwaza foleni ya benki, akaonja akiwaza foleni ya benki, migongo ya watu, feni mbovu, mlinzi anayepiga miayo. Lakini pua haitumwi. Pua huenda inakopenda. Ilipita mwerezi, ikapita tumbaku, ikashuka moja kwa moja hadi kwenye nywele za mtoto aliyeamka usingizini mchana, jasho na maziwa na rangi za kuchorea, shavu lina alama ya mkeka.

"Rudisha," Bibi akasema, faneli mkononi.

Pua akatikisa kichwa, mashavu yamejaa. Huyu hapana. Huyu hamwachi kwenye chupa ya mtu, hata mama yake mzazi abaki huko milele. Akamshika bintiye kwa ulimi, akamkumbatia mdomoni, na kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kufanya, ambacho mtu mwingine yeyote angekifanya bila hata kufikiri. Lakini miaka ishirini ya kazi si mchezo. Akageuza kichwa pembeni, kwa adabu, akatema.

Mvinyo ukazama kwenye changarawe. Bibi akapiga ukelele, akapiga magoti, akazoa mawe kwa mikono miwili, akayanusa. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Ungemeza!" alilia. "Ungemeza tu, mjinga wee, ungebaki naye!"

"Ningebaki na nani?" aliuliza Pua.

Bibi akayaachia mawe. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Akamimina kilichobaki kwenye chupa ya kwanza, akampa glasi.

"Chukua. Bure. Meza, umesikia? Meza."

Pua akameza. Mama akarudi na pasi yake, na shati, na kicheko, na ule uongo wake mzuri, akakaa pale alipokuwa akikaa siku zote. Pua alilia kwa furaha kwenye ngazi. Njiani alipiga mluzi. Alikuwa amemshinda yule bibi kizee, kampokonya mama yake bila kumlipa kitu, na alikuwa na hamu ya kumsimulia mkewe kisa chote tangu mwanzo.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla hajaufikia, mtoto wa kike akatoka mbio, miguu mitupu, mikono ameinyoosha.

"Baba! Baba kaja!"

Pua akatabasamu, maana alikuwa mtoto mzuri. Akageuka kuangalia nyuma, kisha akasogea pembeni ampishe huyo baba apite.