Msomaji wa Barua za Mama Lise

Jumatatu saa nne asubuhi Mama Lise Mwanza alikuwa barazani kwake, mjini Kamina, akichambua matamba, majani ya muhogo ya kupika mchana, pale Kabwe wa gare, kituo cha treni, alipoingiza baiskeli uani, na gunia limefungwa nyuma kwa mpira. Lilikuwa gunia la barua pepe. Zilikuja na treni ya Bukama, zimelazwa katikati ya samaki wakavu, na zilinuka hivyohivyo.

"Mama Lise, fasi ya kutia sahihi iko apa," Kabwe alisema. "Barua zako njo zinarudia."

"Zote?"

"Zile habakufungua."

Kabwe akaomba maji, akanywa, akaenda zake, maana alikuwa na gunia jingine la watu wa nyuma ya kanisa.

Juu ya barua kulikuwa na karatasi kutoka kampuni iliyomtunzia sanduku lake la barua pepe tangu siku alizokuwa sekretari wa shule ya Wametodisti. Kampuni ilimshukuru, ikamwarifu kwamba inafunga mwisho wa mwezi, ikamsihi atafute nyingine. Na kwa kuwa haikutaka kuondoka na vitu vya watu, ilikuwa inarudisha kila barua ambayo aliyeandikiwa hakuifungua.

Mama Lise alizihesabu. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na zote alikuwa amemwandikia Théo, mwanawe wa kwanza, aliyeko Kanada. Ile ya siku mvua ya kwanza iliponyesha ilimlowesha mapaja. Ile ya mazishi ya baba yake Théo ilimwaga udongo mwekundu, akachukua ufagio akaufagia. Miaka minne alikuwa akijiambia mtoto ana kazi, mtoto ana baridi, mtoto anazisoma ila kujibu ndiko hapati nafasi. Kumbe hata kufungua hakufungua! Ilimuuma, tusifichane. Aliketi pale mpaka matamba yakanyauka, na mchana ule hakupika.

Ndani ya barua zote hizo mlikuwa na ombi moja. Mumewe, Banza Nkulu, alikufa miaka minne iliyopita, na Mama Lise alikuwa bado amevaa nyeusi. Katika ukoo wa Nkulu, matanga ya baba huondolewa kwa neno la mtoto wa kwanza: "Imetosha, mama." Akija kulisema, vizuri. Asipoweza kuja, aliandike, nao mashemeji wasomewe. Kwa simu hawakubali, maana kwa simu yeyote anaweza kujifanya Théo, na hata hivyo namba ya Théo siku hizi ilipokelewa na mwanamke asiyejua Kiswahili. Bila neno lile mjane hakai harusini, haimbi na kwaya ya akina mama, hapewi mkono sokoni. Watu walimwonea huruma sana, ila kutoka ng'ambo ya barabara.

Jumanne alikwenda kwa Jérémy, mwenye chumba cha kompyuta nyuma ya soko.

"Mama, kampuni iko tatu," Jérémy alisema. "Ya kwanza inafungwa na ufunguo. Hakuna mwenye atasoma, ata beye benyewe habawezi."

"Hakuna mutu?"

"Hakuna. Ya pili unalipa kila mwaka. Banatunza barua muzuri, habakusumbue."

"Na ya tatu?"

"Aa, ile acha. Iko bure, lakini banasoma yote. Banasoma, kisha banakuuzisha bintu."

Mama Lise alivua miwani. "Yote?"

"Yote, mama."

"Ata ile ndefu?"

"Ata ndefu. Njo kazi yabo."

"Bon. Uniandikishe kwa bale."

Jérémy alitaka kubishana, lakini kulikuwa na wateja wanaongoja, basi akaandika.

Sasa, Mama Lise ni Mmetodisti wa kuzaliwa, na Mmetodisti hahami usharika kwa kujiondokea tu kama kuku. Anabeba barua ya uhamisho. Aliona aibu kuingia kwa watu wapya mikono mitupu, kwa hiyo Jumatano alikwenda kwa Pasta Kisimba, naye Pasta akaandika kwamba ndugu Lise Mwanza ameandika barua kwa uaminifu miaka yote, hana kesi, mpokeeni. Akapiga muhuri mara mbili, kwani wa kwanza ulififia. Jérémy akaipiga picha, akaituma. Huenda kampuni zimezoea kupokea watu bila karatasi. Lakini barua ya uhamisho yenye muhuri ikifika, wanaopokea hutuma mtu kwenda kumsalimu mgeni nyumbani kwake. Ndivyo inavyofanyika Kamina, na kampuni ikafanya hivyo.

Msomaji alifika Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwa baiskeli, kutoka upande wa Base, kambi ya jeshi. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, daftari kwapani. Mama Lise akampa kiti cha marehemu, kwa sababu kile kingine kilikuwa na mguu mbovu. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za safari, kisha msomaji akaomba gunia.

Alisoma barua kumi siku hiyo, polepole, midomo ikicheza.

"Hapa umesema goti linauma," aliuliza. "Goti lipi?"

"Ya kushoto."

Akaandika. Kesho yake kwenye kompyuta ya Jérémy kulikuwa na tangazo la dawa ya goti la kushoto.

Alirudi kila jioni. Akiandaliwa bukari, ugali wa kwao, alikataa, kanuni za kazi, alikunywa maji tu. Alipofika kwenye barua ya mbuzi aliyekula kitabu cha nyimbo mbele ya kwaya nzima, alicheka hadi akafuta macho, na Mama Lise akacheka naye. Alikuwa amesahau kwamba inachekesha. Ile ya mazishi aliisoma amesimama. Jirani, Nathalie, aliuliza juu ya ua kama yule mgeni ni ndugu.

"Hapana. Njo mutu ya email."

"Ah. Ya kwangu hayiyakuya bado," Nathalie alisema, akaendelea kuanika nguo.

Wiki ya tatu gunia likaisha. Msomaji alipokunja barua ya mwisho, Mama Lise alisogeza kiti.

"Weye umesoma yote," alisema. "Unajua minyi naomba nini. Useme basi ile neno. Mashemeji batakuitika, uko na daftari."

"Siruhusiwi kujibu, mama. Ni kusoma tu."

Alisema kwa huruma, naye Mama Lise aliiona, kwa sababu ilitoka karibu. Kisha msomaji akasema, kama mtu anayetaka kuacha kitu kidogo mezani, "Za Théo pia mimi ndiye ninayezisoma. Yuko kwetu tangu zamani."

Mama Lise alishika ukingo wa kiti.

"Eko muzima?"

"Mzima kabisa."

"Anaandikaka?"

"Kila siku. Anaandika vizuri sana, kama wewe."

Huko gare treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa, mabehewa yakigongana. Mama Lise alingoja yanyamaze.

"Anatajaka jina yangu?"

Msomaji angeweza kujibu palepale, lakini alikuwa mtu wa kazi. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, akashuka na kidole mstari kwa mstari, akageuza, akashuka tena. Jua likaenda. Mama Lise aliwasha taa akaishika juu ya daftari, asije akaruka mstari. Ukurasa wa mwisho msomaji aliusoma mara mbili.

"Hapana, mama."

"Aksanti," Mama Lise alisema, kwa kuwa alikuwa ametafutiwa vizuri. Akamsindikiza hadi kwenye baiskeli, akamshikia taa hadi akakaa sawasawa.

"Kesho ukuye mbele kidogo ya saa kumi na moja," akamwambia. "Barua nitaandika kesho itakuwa ndefu."