Virusi vya Ukoo Mmoja

Samaki walipoanza kuelea kwenye mabwawa ya mfugaji mmoja, matumbo yamevimba na ngozi imechubuka, macho yote yalimgeukia jirani. Huyo alikuwa mzee mpole aliyeitwa Babu Vyura, kwa kuwa alifuga vyura wa kuuzia vyuo kwa masomo ya maabara. Vyura hao nao walikuwa wakifa.

"Ugonjwa umetoka kwake," mfugaji alisema. "Hilo halitaki darubini."

Mdogo wake wa kike alikuwa mtafiti kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo. Alichukua sampuli pande zote mbili, akamsihi asubiri majibu. Hakusubiri. Aliwakusanya wafugaji wenzake, wakaingia kwa mzee na magunia ya chokaa, wakaimwaga kwenye kila tangi la vyura ili kuua ugonjwa. Mzee alisimama mlangoni, kandambili mkononi. Muda si mrefu akahama.

Ndipo majibu yakatoka. Virusi vya samaki na vya vyura vilikuwa vya ukoo mmoja, kama watoto wa ndugu wawili. Lakini mtafiti alipoweka vinasaba vyao sambamba, viliachana mahali pengi mno. Vyura hawakuwaambukiza samaki. Vya samaki vilishabihiana na vile vilivyonaswa mpakani, ndani ya vifaranga vya samaki vya magendo.

Alimkuta kaka yake akisugua bwawa tupu, akamweleza majibu.

"Vifaranga ulivitoa wapi?"

"Kwa watu."

"Vilipimwa?"

Kaka aliendelea kusugua. "Si umesema virusi vyenyewe ni ndugu?"

"Ndugu si mtu mmoja, kaka. Mimi na wewe ni ndugu, na chokaa sikumwaga mimi."

"Basi andika ni vile vile. Nani atajua?"

"Mimi."

Aliandika alichokiona. Serikali ikayafunga mabwawa. Mama yao hakumfokea, alimpakulia chakula bila kumtazama, akasema, "Umemuuza kaka yako kwa ajili ya vyura." Kaka alimaliza kula, akanawa, akatoka bila kuaga.

Kesho yake mtafiti alimpigia simu Babu Vyura, akamweleza kwamba vyura wake walikuwa na maradhi yao wenyewe, hawakumdhuru mtu.

"Kumbe," mzee alisema. "Na wale wa chokaa wameambiwa?"

"Wameambiwa, babu."

"Wakasemaje?"

"Hakuna aliyeomba radhi, babu." Mzee akakata simu.