Kwikwi ya Darasa la Pili

Niseme ukweli mapema: mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza. Watoto arobaini na watatu wa darasa la pili, wenye meno pungufu na maneno mengi, niliwafunga midomo kwa siku tisa. Nikiinua mkono, kimya. Nikiushusha, wanapumua. Tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya hesabu na mchana kabla ya kwenda nyumbani, mpaka fundi aliyekuja kurekebisha dirisha akaniuliza kama darasa lina watu.

Sababu ilikuwa Mwalimu Mkuu. Wanamuziki watatu kutoka nchi ya mbali, nchi ya milima na baridi, walikuwa wanakuja kupiga shuleni kwetu mara moja tu, na yeye alitaka waingie ukumbini wakubwa peke yao, kuanzia darasa la tano. Wadogo, alisema, watatutia aibu. Nilimfuata ofisini mara tatu. Mara ya tatu alichoka na sura yangu.

"Haya, walete," alisema. "Lakini nikisikia sauti moja, moja tu, darasa la pili linatoka. Na wewe ndiye utakayewatoa."

Nikamwambia hatasikia hata nzi. Mimi huwa najigamba kwanza, kufikiri baadaye.

Siku ilipofika niliwaketisha wanangu sakafuni, mbele kabisa, miguu imekunjwa, kidole mdomoni. Viatu tuliviacha mlangoni visije vikagonga sakafu. Nyuma yao yalipangwa mabenchi ya wakubwa, na pembeni, kwenye kiti chenye mto, alikaa Mwalimu Mkuu na suti yake ya kijivu. Mimi nilisimama ukutani karibu na dereva aliyewaleta wageni, mtu mnene mcheshi aliyewahi kuishi kwao miaka sita na kuijua lugha yao.

Wakaingia. Mama mfupi mwenye nywele nyeupe na fidla, mzee aliyening'iniza tumboni ngoma kubwa kama pipa, na kijana mrefu aliyebeba kwapani kitu kilichonishtua hata mimi. Alikuwa mbuzi. Yaani ngozi nzima ya mbuzi, manyoya nje, miguu imefungwa kamba, na pale palipokuwa na shingo pametokeza filimbi. Kijana akapuliza, mbuzi akavimba. Akamminya kwa kiwiko, na mbuzi akatoa sauti kali, ndefu, ambayo haikukatika hata kijana alipotoa mdomo kuvuta pumzi.

Macho ya darasa la pili yaliwatoka pima. Kuna msichana tunayemwita Bibi, kwa sababu anaongea kama mtu mwenye wajukuu. Alinigeukia, kidole bado kiko mdomoni, akatikisa midomo bila sauti: mwalimu, anamkamua. Nikamkazia macho akageuka.

Muziki wenyewe ulikuwa wa wazimu. Ngoma ilipiga mapigo saba pale mwili ulipotegemea nane, na kila mara ukawa kama mtu anayeshuka ngazi gizani akikuta ngazi ya mwisho haipo. Fidla ilikimbia mbele, mbuzi akaifukuza. Nikaona vidole vya miguu vimeanza kucheza ndani ya soksi, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa nyuma. Mabega yalitetemeka. Mashavu yalivimba kwa vicheko vilivyokatazwa kutoka, na mimi mkono wangu uko juu, imara, najiona mkubwa.

Wimbo ukaisha. Kimya kabisa. Mwalimu Mkuu akanitikisia kichwa kwa kuridhika, na sikumbuki lini mara ya mwisho alinitikisia hivyo.

Lakini wageni walitazamana. Wimbo wa pili waliupiga mfupi na kwa sauti ya chini. Wa tatu ukawa mfupi zaidi, na mbuzi akaanza kunywea. Yule mama akaja ukutani kumnong'oneza dereva.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza wamekosea nini."

"Hawajakosea kitu. Mwambie hii ni heshima."

"Nimemwambia, mwalimu. Lakini kwao mpigaji lazima ajibiwe. Watu wanapiga kelele wimbo ukiendelea, na yeye anawarudishia. Wakinyamaza, ndiyo wanamwambia afunge mizigo." Dereva akafuta jasho. "Watapiga mmoja wa kuaga, halafu wanaondoka. Hawataki kuwachosha watoto."

Nikishusha mkono, kelele zitatoka na darasa la pili litafukuzwa. Nisiposhusha, muziki unaondoka. Kwa hiyo sikufanya lolote. Mkono ukabaki juu, kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Aliyeamua ni Betri. Ndiye mdogo kuliko wote, na tunamwita hivyo kwa kuwa haishiwi chaji. Alikuwa amemeza vicheko vya nyimbo tatu na havikuwa na pa kutokea. Katikati ya wimbo wa kuaga, pale fidla iliposhusha sauti, vikapata njia.

"Hik."

Yule mama akasimamisha upinde hewani. Akamtazama Betri. Kisha akagusa uzi mmoja, na fidla nayo ikasema hik, sawasawa kabisa.

"Hik," akasema Betri, maana kwikwi haina mwenyewe.

Ngoma ikajibu. Mbuzi akajibu. Bibi alikuwa ameng'ata pindo la sketi yake na machozi ya kicheko yanamtiririka. Wageni wote watatu walikuwa wanatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie, na hapo hapo Mwalimu Mkuu akasimama. Muziki ukakatika.

"Nani huyo?"

Betri alijifunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Watoto arobaini na wawili waliokuwa pembeni yake wakatazama dari, wote, hakuna aliyemwangalia mwenzao. Niliwapenda pale kuliko siku yoyote.

"Mwalimu, tulikubaliana nini?"

Sijui nini kilinipanda kichwani. Miaka kumi na mmoja nafundisha, sijawahi hata kuchelewa.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Hik," nikasema.

Haikuwa nzuri. Ilikuwa kwikwi ya uongo, nene, ya mtu anayeigiza ulevi. Lakini yule mzee akaijibu kwa ngoma, du-dum, bila hata kusita. Nikatoa nyingine, na mbuzi akaipokea. Watoto wangu walinitazama kana kwamba nimeota mabawa. Mimi mwenyewe nilikuwa na woga na raha kwa pamoja, sikujua kipi kimezidi.

"Basi mwenye sauti atoke," alisema Mwalimu Mkuu.

Nikatoka. Nilikubali kwa moyo mweupe, maana wao walibaki ndani. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasimama koridoni katikati ya mafagio na ndoo, nikatega sikio. Muziki haukuanza. Nilisikia lugha ya kigeni, halafu dereva akikohoa.

"Mama anasema aliyetolewa ndiye mtu mzima pekee aliyewajibu," dereva alisema. "Kwao huyo hafukuzwi. Wanamfuata aliko."

Mlango ukafunguka. Alitangulia mbuzi, akilia kwa nguvu zake zote, ikaja ngoma, ikaja fidla, na nyuma yao soksi themanini na sita. Kelele za siku tisa zilitoka kwa mpigo mmoja. Walipiga hik, walipiga mayowe, walipiga ndoo. Betri, ambaye kwikwi zake zilikuwa zimeshakwisha, alikuwa anazitengeneza kwa makusudi na kuzigawa. Wakubwa waliruka mabenchi kutufuata, na kwa kuwa korido haikututosha tukamwagika uwanjani, mimi katikati, nywele zimefumuka, nacheza saba kwa miguu iliyozoea nane na kuangukia watoto wa watu.

Bibi alimvuta kijana koti akaonyesha kwa vidole kwamba na yeye anataka kuminya. Akaminya. Mbuzi akalia usoni pake, naye akakaa chini puu, akacheka mpaka akalala chali. Kufumba na kufumbua kulikuwa na foleni ya kuminya inayofika mpaka kwenye bomba la maji.

Mwalimu Mkuu alitoka wa mwisho. Alikuja kusimama karibu yangu, mikono nyuma.

"Nilisema sauti ikitoka, darasa la pili linatoka."

"Limetoka lote, Mwalimu Mkuu," nikasema, nahema. "Hajabaki hata mmoja."

Akautazama uwanja, akaitazama foleni. Nilianza kutunga kichwani barua ya kuomba radhi. Kisha akaniinamia, akashusha sauti watoto wasimsikie.

"Yule kijana," akasema, "anamruhusu na mtu mzima kumminya mbuzi?"

Nikamwambia kuna foleni, na mimi niko mbele yake.