Dawa ya Panya

Nukta haikusogea. Nikapangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja, eti labda ni vumbi. Wapi! Kipanga wangu, yule tuliyemfunga kifaa cha kumfuatilia mgongoni tukamwita Mgeni, alikuwa palepale tangu jana asubuhi, katikati ya shamba la mama mkwe.

Kila baridi inapokaza huko kwao, Mgeni huja huku kula panya. Zamani alikuwa na mashamba ya kuchagua. Sasa kwingine kote kumeota nyumba, limebaki hilo moja. Wenzake wawili walikufa mwaka jana kwa kula panya wenye sumu, na mimi ndiye niliyewaokota.

Nikampigia mama mkwe.

"Mama, shambani kuna dawa ya panya?"

"Si ipo, mwanangu! Mbona unauliza kama..." Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Jamani! Nilidaka pikipiki ya ofisi nikaondoka mbio. Njia nzima nilikuwa nikigombana naye kichwani. Nilimsihi asinunue sumu. Nikamsimikia na nguzo ndefu, kipanga apate pa kukaa akiwinda. Halafu ananifanyia hivi? Nikimsema, mume wangu atanuna. Na anune!

Nilimkuta mama amesimama juani, sufuria mkono huu, mwiko mkono huu. Kuku wake wote amewafungia bandani.

"Mgeni yuko wapi?" Hata salamu sikumpa.

Akanionyesha kwa mwiko. Chini ya nguzo, kwenye nyasi, kipanga alikuwa amejikunyata, mabawa yamelegea. Lakini macho yalikuwa wazi. Mzima!

"Sumu umeiweka wapi, mama?"

"Mimi tena? Si wewe!" Sauti ilikuwa imemkauka. "Siku ile unasimika nguzo hukuniambia, 'Mama, usinunue kitu, dawa ya panya nimeshakuwekea'? Nikasema, huyu mtoto kasahau ndege wake. Basi tangu afike, kila akishuka kwenye panya, mimi na sufuria yangu, ngwa ngwa ngwa! Nimekulindia, mwanangu. Hajala hata mmoja."

Ule ulikuwa utani wangu, tena niliucheka peke yangu.

"Mama, hakuna sumu. Dawa niliyosema ni yeye."

Akanitazama, akamtazama kipanga. Sufuria ikamponyoka.

"Kumbe nilikuwa namnyima chakula."

Nikamvuta, tukachuchumaa nyuma ya banda la kuku. Kelele zilipokoma, panya hawakukawia. Mmoja akakatiza karibu na nguzo. Mgeni akajirusha, akaangukia ubavu, akamkosa. Nikaona basi, hana nguvu tena, tumemuua kwa mapenzi. Mama alinibana mkono mpaka ukauma.

Akatokea mwingine. Kipanga akajivuta, akaruka chinichini, akamkandamiza kwenye nyasi.

Mkono wa mama ukainuka wenyewe na mwiko wake. Nikaudaka hewani.

"Mwache, mama. Ale."

Akauteremsha polepole, machozi yanamtoka.

"Kula, baba," akasema kwa ile sauti iliyokauka kwa kumfukuza. "Kula."