Herufi Niliyompa Vandita

Nilikuwa nimeshika boksi la laddu, vile vitamu vya mviringo, za kumpongeza Vandita nilipoiona sura yake, kubwa kuliko duka, imening'inizwa ukutani pa chuo cha karibu na stesheni. "Zao letu," waliandika chini yake. Chuo ambacho hakuwahi kukaa darasani mwake hata asubuhi moja!

Kwetu Deoria, anayeongoza mtihani wa kazi za benki hugombewa na vyuo vinavyoufundisha. Picha yake ndiyo huwaleta wanafunzi wa mwaka unaofuata. Mimi nilikuwa na baraza, ubao na watoto wachache waliozidi kupungua. Nilichotegemea ni Vandita, mwanafunzi wangu, ataje jina langu, basi, ili darasa langu lisife.

Kiingereza ndicho kilichokuwa kikimwangusha, hasa yale maneno yanayofanana kama mapacha huku kila moja lina maana yake. Mawili yalimliza kabisa: adopt, la kuasili mtoto, na adapt, la kuzoea hali mpya. Herufi ya katikati tu ndiyo inayoyatenganisha, la kwanza lina o, la pili lina a. Alasiri moja, nilipochoka kumwona akilia, nikamwambia jambo nisilowahi kumwambia mtu. Nilimwasili Guddi, binti wa shemeji yangu, angali mchanga. Alipoanza kuniita mama, wazazi wake wakamtaka arudi kwao.

"Hiyo o ni mdomo wa Guddi akilia mlangoni siku waliyomchukua," nikamwambia. "Mimi ndiye a. Nilibaki, ikabidi nizoee."

Vandita alinishika mkono. Hakuyakosea tena maneno yale.

Basi siku hiyo ya picha nikaingia ukumbini mwao na laddu zangu. Vandita alikuwa jukwaani, mashada ya maua yamemfika kidevuni.

"Walimu wangu wa hapa walinifundisha kwa vichekesho," akasema kwenye kipaza sauti. Kisha akaachama, akalia kilio cha mtoto mchanga, akaeleza kuwa hiyo ndiyo o. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimchukia kila aliyecheka mle ndani, na yeye zaidi.

Nilimngoja mlangoni.

"Dada Kumud! Usininunie basi. Si nilifanya mtihani wao wa majaribio? Kwa hiyo mimi ni wa kwao. Kila mtu anafanya hivi."

"Na Guddi naye ni wa kwao?"

Akainamisha uso. "Walitaka kitu cha kuchekesha, dada."

Angewapa picha tu, ningenuna wiki moja, yakaisha. Lakini alichowapa hakikuwa chake, na mpaka leo sijamsamehe. Zile laddu nilimpa mlinzi wa getini.

Hazikupita siku nyingi, mama yake Tanmay, mmoja wa wanafunzi wangu, akaja naye barazani kwangu. Nilimsogezea kiti, hakukaa.

"Si kwa ubaya, dada. Mwanangu nampeleka kule alikotoka Vandita. Maana wewe hapa, kusema kweli, hujawahi kufaulisha mtu, au umewahi?"

Tanmay alinitazama. Alikuwa akimkuta Vandita pale kila jioni, kwenye mkeka uleule. Ningetaja jina moja tu, labda mama yake angekaa kitini. Lakini ningelazimika kujivunia yule msichana.

"Sijawahi," nikasema, nikaanza kumkusanyia Tanmay vitabu vyake.